Haki ya Mgonjwa Huanzia Katika Poda



Katika mkutano mmoja wa jumuiya ndogo ndogo hapa Kashai, baada ya habari za michango na ratiba ya kuwatembelea wagonjwa, mama mmoja alifungua kitambaa akaweka mezani kidonge kilichokatwa nusu. Alikuwa ameagizwa ampe mwanawe nusu kidonge asubuhi na nusu jioni. Akamwambia katekista aliyeongoza mkutano: "Mwalimu, nimekata kwa kisu na nusu zote mbili nimezilinganisha kwa macho. Lakini nani atanihakikishia kwamba dawa yenyewe nayo imekatika nusu kwa nusu? Isije ikawa dawa yote imo katika nusu hii, na ile niliyompa mtoto jana ilikuwa chokaa tupu."

Baadhi yetu tulicheka. Katekista hakucheka. Alijibu kwa unyofu: "Mama, hilo silijui. Tumwulize anayejua."

Tangu siku hiyo sisi wa Tume ya Haki na Amani tumeuliza, tumesoma na tumejadiliana. Tumegundua kwamba swali la mama yule si la kuchekwa hata kidogo, kwani ndilo linalowakosesha usingizi wahandisi wa viwanda vikubwa vya dawa ulimwenguni. Tunaliweka mbele yenu katika kurasa hizi tukiwa hatuna nia ya kuwageuza waumini kuwa wafamasia. Tunaamini tu kwamba ndani yake limo suala la haki, tena haki ya mtu asiyeweza kujitetea, yaani mgonjwa maskini anayemeza alichopewa.

Kabla ya kuendelea, tuseme neno moja la tahadhari. Mtu yeyote asiache dawa zake kwa sababu ya maneno haya. Dawa nyingi tunazopewa katika zahanati na hospitali zetu ni nzuri na zinaokoa maisha kila siku. Tunachotaka ni kwamba zote ziwe nzuri, na kwa kila mtu.

KIDONGE SI DAWA TUPU

Wengi wetu hudhani kwamba kidonge ni dawa tangu upande mmoja hadi wa pili. Sivyo. Katika vidonge vingi kiini cha dawa ni sehemu tu ya uzito wote, na kilichobaki ni viungo saidizi: wanga, sukari ya maziwa, unga wa nyuzi za mimea, na vitu vya kulainisha ili kidonge kisigande katika mashine. Vyote hivyo huanza vikiwa poda. Poda hizo huchanganywa, kisha mashine huzishindilia kwa nguvu kubwa kuwa vidonge.

Tuchukue mfano wa vidonge vya kuongeza damu ambavyo akina mama wajawazito hupewa kliniki. Kiasi kinachotumika sana ni miligramu 60 za madini ya chuma na miligramu 0.4 tu za asidi ya foliki. Maana yake, kwa kila sehemu moja ya foliki kuna sehemu 150 za chuma, na hapo hatujahesabu unga wa kujazia. Foliki hiyo chache ndiyo inayomsaidia mtoto aliye tumboni aumbike vema uti wake wa mgongo. Sasa fikirini: mtu atie kijiko kimoja cha chumvi katika ndoo ya unga, achanganye, kisha agawe unga ule katika mafungu madogo madogo maelfu kwa maelfu, na kila fungu liwe na chumvi ile ile, isizidi wala isipungue. Hiyo ndiyo kazi ya mchanganyaji wa poda kiwandani. Akikosea, mama mmoja atapata kisichomsaidia na mwingine atapata kupita kiasi, na wote wawili watakuwa wamepewa vidonge vya rangi moja, kutoka kopo moja, vyenye jina lile lile.

UNGA HAUTULII ULIPOCHANGANYWA

Huenda mtu akasema: "Basi wachanganye vizuri, yaishe." Laiti ingekuwa rahisi hivyo! Maji na chumvi vikishachanganyika hukaa pamoja. Unga haufanyi hivyo. Akina mama wanaoandaa uji wa lishe wanalijua jambo hili bila kufundishwa na mhandisi. Changanyeni vizuri ulezi, soya na karanga zilizosagwa kwa ukali tofauti, mtie katika mfuko, mfuko upakiwe garini Bukoba na kuteremshwa Muleba. Mkiufungua mtaona chenga kubwa zimepanda juu na unga laini umezama chini. Hakuna aliyeutenganisha, ni mtikisiko wa njia peke yake.

Ndivyo inavyokuwa kiwandani. Poda iliyochanganyika vema ndani ya pipa linalozunguka yaweza kujitenga tena inapomiminwa, inaposafirishwa kutoka chumba hadi chumba, au inapotikiswa katika faneli ya mashine ya kushindilia. Wala dawa yake si kuzungusha pipa siku kutwa, maana kuchanganya kupita kiasi nako kuna madhara. Kiungo cha kulainisha kiitwacho magineziamu stereti, kikizungushwa mno, huzifunika chembe nyingine kama mafuta, na kidonge hutoka kikiwa dhaifu au kikachelewa kuyeyuka tumboni. Kwa hiyo kuna kuchanganya pungufu na kuna kuchanganya kupita kiasi, na njia iliyo salama kati ya hayo mawili ni nyembamba.

Je, kiwanda hujuaje kwamba kimefaulu? Kwa njia iliyozoeleka, dawa hutengenezwa kwa mikupuo, kama chakula kinavyopikwa sufuria moja baada ya nyingine. Kila mkupuo hupewa namba yake ya toleo, ile mnayoiona imepigwa chapa kwenye kopo. Mchanganyiko ukiwa tayari, fundi huchoma poda kwa chombo kirefu chenye tundu akatoa sampuli. Wakulima wenzetu wa kahawa wataelewa mara moja: chombo hicho ni ndugu yake bambo, ambalo mnunuzi hulichoma katika gunia ili aone kilichomo. Nanyi mnajua udhaifu wa bambo. Huonyesha pale lilipochomwa tu, na lenyewe huvuruga linapopita.

Vidonge vikishatoka, maabara huchukua sampuli nyingine. Kanuni inayotumika katika vitabu vya viwango ni kupima vidonge 10, kimoja kimoja. Vikileta shaka, hupimwa vingine 20. Mkupuo mmoja waweza kuwa na vidonge laki kadhaa, hata milioni. Thelathini hujibu kwa niaba ya milioni! Hatusemi kwamba njia hii ni ya udanganyifu. Ikifuatwa kwa uaminifu, na mafundi wakiujua mchanganyiko wao, hutoa dawa safi, na hadi leo sehemu kubwa ya vidonge duniani hutengenezwa hivyo. Tunasema tu kwamba usalama wake unategemea sana yale yaliyofanyika kabla ya sampuli kuchukuliwa, mahali ambapo mgonjwa hafiki wala haoni.

Sisi watu wa Bukoba tunalielewa hilo kwa uchungu. Tarehe 21 Mei 1996, siku ilipozama MV Bukoba, tulijifunza kwamba usalama hautafutwi ndani ya maji. Hujengwa kabla nanga haijang'olewa.

KOSA LA PODA LINAVYOUA

Pengine mtu atadhani tunakuza mambo. Tutazame basi yaliyotokea Lahore, nchini Pakistan. Mwishoni mwa mwaka 2011 na mwanzoni mwa mwaka 2012, wagonjwa wa moyo waliokuwa wakipewa dawa bure katika hospitali ya umma walianza kutokwa na damu, ngozi zao zikabadilika rangi na chembe zao za damu zikaporomoka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Sampuli zilipopelekwa London kuchunguzwa, ilibainika kwamba ndani ya vidonge vya moyo mlikuwa na pirimethamini nyingi. Sisi tunaijua pirimethamini: ni mmoja wa viungo viwili vya SP, dawa ya malaria ambayo wajawazito wetu humeza kliniki. Kwa kipimo chake, mahali pake, ni kinga. Ikimezwa kila siku na mgonjwa wa moyo asiyejua, ni sumu. Poda moja ilikuwa imeingia katika mchanganyiko usio wake, na hakuna aliyeiona hadi watu walipozikwa.

Tuangalie waliokufa walikuwa akina nani. Walikuwa wale waliopewa dawa bure, kwa kuwa hawakuwa na uwezo wa kununua. Hapa ndipo suala la poda linapokuwa suala la haki.

Kuna na madhara yasiyopiga kelele. Kidonge chenye dawa pungufu hakimwui mgonjwa papo hapo. Humpa nafuu kidogo, kikaacha vimelea vilivyo sugu vikiwa hai ndani yake, navyo huzaana. Mkoa wetu wa Kagera unalo sababu maalumu ya kuliogopa jambo hili. Utafiti uliofanyika Karagwe mwaka 2022 na kuchapishwa mwaka 2024 ulithibitisha kwamba vimelea vya malaria vya huko vimeanza kuonyesha usugu wa sehemu dhidi ya atemisinini, ambayo ndiyo kiini cha dawa ya mseto tunayoitegemea. Dawa ya mseto bado iliwaponya wagonjwa walio wengi sana, lakini kengele imelia. Hatudai kwamba usugu huo uliletwa na vidonge vibovu, kwa kuwa njia za usugu ni nyingi. Tunalosema ni kwamba kila kidonge pungufu kinachomezwa Muleba au Karagwe ni mbolea kwa usugu huo. Nchi yetu imekwisha kuiacha klorokwini mwaka 2001, na mwaka 2006 ikaiacha SP kama tiba ya kwanza ya malaria. Je, tuna akiba ya dawa ngapi za kuzichezea?

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja ya tiba katika kila kumi ni ama bandia ama ya chini ya kiwango. Kuhusu bandia husemwa mengi, na ni haki, maana hata nchi yetu ilitikiswa mwaka 2012 na habari za vidonge bandia vya kupunguza makali ya UKIMWI. Lakini kile kilicho chini ya kiwango mara nyingi hakina mhalifu wa kukamatwa usiku. Kina uzembe, kina mashine iliyochoka, kina haraka ya kuuza, na poda iliyochanganywa ovyo.

NJIA YA MFULULIZO

Sasa tuwaeleze juu ya njia mpya, ambayo kwa kweli ni mpya kwa viwanda vya dawa peke yake. Mnayo mashine ya kusaga hapo mtaani. Mahindi humiminwa juu, unga hutoka chini, na maadamu mahindi yapo na umeme upo, kazi haikatiki. Huo ndio utengenezaji wa mfululizo.

Katika kiwanda cha dawa cha namna hiyo, kila poda ina kilishio chake kilichowekwa juu ya mizani. Mizani hupima kila nafasi uzito unavyopungua, na kilishio hujirekebisha chenyewe ili kiini cha dawa na viungo vyake viingie kwa uwiano ule ule. Poda hupita katika bomba lenye mapanga yanayozunguka, ambamo hukaa kwa muda mfupi sana, kisha huenda moja kwa moja kwenye mashine ya kushindilia. Hazilali katika mapipa zikisubiri, wala hazisafirishwi kutoka chumba hadi chumba zikitikisika na kujitenga. Njiani humulikwa kwa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, na jinsi mwanga ule unavyorudi huonyesha kiasi cha dawa kilichomo wakati huo huo. Uwiano ukiharibika, mlango hufunguka na sehemu ile mbovu hutupwa kando, bila kuuharibu mkupuo mzima na bila kuifikia chupa ya mgonjwa.

Tofauti ya moyo wa njia hizi mbili ni hii. Ya kwanza hutengeneza kisha huuliza: "Je, tumefaulu?" Ya pili huuliza swali hilo wakati wote inapotengeneza. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa mwongozo wa kuhimiza upimaji wa namna hii tangu mwaka 2004, lakini viwanda vilisitasita. Mwaka 2015 ndipo ilipoidhinisha dawa mpya ya kwanza iliyotengenezwa kwa mfululizo. Aprili 2016 ikaruhusu kwa mara ya kwanza dawa iliyokuwa ikitengenezwa kwa mikupuo ihamishiwe kwenye mfululizo, katika kiwanda cha Gurabo, Puerto Rico. Novemba 2022 kanuni za kimataifa za utengenezaji wa mfululizo zikapitishwa, nazo hujulikana kama Q13.

Nayo dawa ile ya mwaka 2016, mnajua ilikuwa ya ugonjwa gani? Ni darunaviri, dawa ya virusi vya UKIMWI. Wazee wetu wataelewa kwa nini tulinyamaza kidogo tuliposoma hayo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Hapa tulizika vijana mpaka mbao zikaadimika, na tukalea yatima mpaka bibi wakawa mama mara ya pili. Vidonge vya kupunguza makali vilianza kutolewa katika mpango wa taifa mwaka 2004, miaka 21 baadaye. Hatusemi haya kwa kijicho. Tunauliza tu: je, njia hii bora nayo itachukua miaka 21 kuwafikia wanaoihitaji zaidi?

"ZAHANATI HAINA HATA PANADO"

Tunajua jibu ambalo baadhi yenu mtatupa, kwa kuwa tulipewa na wajumbe wetu wenyewe. "Zahanati yetu mara nyingine haina hata panado, nanyi mnatuletea habari za mitambo ya Marekani?" Ni pingamizi la haki na halistahili kupuuzwa. Tunalijibu hivi.

Kwanza, kukosekana kwa dawa na ubovu wa dawa ni watoto wa mama mmoja. Anayetegemea dawa za mbali hungoja meli, hungoja fedha za kigeni, na anapochoka kungoja hununua chochote kilichopo. Ulimwengu mzima uliliona hilo wakati wa UVIKO-19, mwaka 2020, mipaka ilipofungwa na kila taifa likajifikiria lenyewe.

Pili, Afrika Mashariki si jangwa la viwanda. Ng'ambo ya mpaka wetu, Luzira jijini Kampala, kiwanda cha dawa za UKIMWI na malaria kilifunguliwa mwaka 2007. Kikuyu, karibu na Nairobi, kiwanda cha Universal Corporation kilipata kibali cha WHO mwaka 2023 kutengeneza kidonge cha mseto cha tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, ambacho ndicho wagonjwa wetu wengi wanakimeza. Mwaka 2025 Mfuko wa Dunia ulinunua vidonge hivyo kwa ajili ya Msumbiji. Mwafrika kumtengenezea Mwafrika dawa iliyokubaliwa duniani si ndoto tena. Nchini kwetu, mamlaka ya dawa, ambayo tangu mwaka 2019 huitwa TMDA, ilikuwa ya kwanza barani Afrika kutambuliwa na WHO kufikia ngazi ya tatu ya ukomavu, mwezi Desemba 2018. Na mjini Moshi, Chuo cha Famasi cha Kilimanjaro kimekuwa kikiwafunza Waafrika utengenezaji wa dawa viwandani kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani.

Tatu, na hili ndilo lililotushawishi, njia ya mfululizo ina jambo linalowafaa wenye soko dogo. Katika njia ya mikupuo, anayetaka kutengeneza dawa nyingi zaidi hubadili pipa dogo kwa pipa kubwa, naye hulazimika kuthibitisha upya kwamba poda inachanganyika vema humo, maana poda katika pipa kubwa ina tabia nyingine. Katika mfululizo mtambo ni ule ule mdogo. Anayetaka kidogo huuendesha kwa saa chache, na anayetaka kingi huuendesha kwa siku kadhaa.

Hata hivyo, hatutaki kuwauzia watu ndoto. Mtambo huo ni ghali. Huhitaji watu wachache, lakini wenye elimu kubwa. Huhitaji umeme usiokatika; na sisi ambao kwa miaka mingi mkoa wetu uliwashiwa taa na umeme wa kutoka Uganda tunajua maana ya giza la ghafla. Unahitaji malighafi isiyobadilika tabia leo na kesho. Unahitaji mnunuzi wa uhakika. Mtambo ulionunuliwa kwa sherehe ya kukata utepe, bila mambo hayo, utaota kutu kama mingine tuliyokwisha kuiona. Kwa sababu hiyo hatumwambii yeyote: "Nunueni mtambo." Tunasema: jengeni yale yatakayoufanya mtambo uwe na maana, na wakati huo huo mikupuo tuliyo nayo isimamiwe kwa uaminifu ule ule.

MSIMAMO WETU

Kwa hiyo sisi tunashika mambo manne.

La kwanza: usawa wa dawa ndani ya kidonge ni haki ya mgonjwa. Usihesabiwe kuwa hisani ya kiwanda. Aliyelipa na aliyepewa bure wana haki ile ile, na asiye na fedha asiwe ndiye wa kujaribiwa poda mbovu.

La pili: wanaonunua dawa kwa niaba ya wananchi, yaani Bohari ya Dawa, halmashauri, na hospitali za madhehebu ya dini zikiwamo za kwetu, wasitazame bei peke yake. Shilingi iliyookolewa kwa kununua kidonge kisichoaminika hulipwa mara mbili wodini. Wazabuni waulizwe jinsi wanavyochanganya na wanavyopima, na majibu yao yawekwe katika kumbukumbu.

La tatu: nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinunue kwa pamoja. Mpango wa Jumuiya wa kukuza viwanda vya dawa, ulioandikwa kwa miaka 2017 hadi 2027, unakaribia mwisho wake. Ni wakati wa kuuliza umetekelezwa kwa kiasi gani. Hakuna mwenye busara atakayejenga mtambo wa mfululizo kwa soko la msimu mmoja.

La nne: faida ya ufundi mpya isiishie kwa mwenye mtambo. Kampuni iliyohamishia darunaviri kwenye mfululizo ilieleza kwamba kazi ya wiki mbili hivi yaweza kufanyika kwa siku moja. Ni jambo jema. Lakini ikiwa kazi imepungua, taka zimepungua na muda umepungua, basi bei nayo ina wajibu wa kupungua. Ufundi usiomshukia mgonjwa ni utajiri uliofungiwa ghalani wakati wa njaa.

Na sisi tulio mitaani tuna sehemu yetu. Tusinunue dawa kwa wachuuzi wa gulioni. Tutunze kopo au pakiti, tuisome namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Kidonge kikivunjika chenyewe, kikibadilika rangi, au mgonjwa akikosa nafuu ingawa amemeza kama alivyoagizwa, tusinung'unike barazani tu. Turudi na pakiti yake kwa mhudumu wa afya, naye anayo njia ya kupeleka taarifa TMDA. Taarifa moja yenye namba ya toleo ina uzito kuliko malalamiko mia.

JIBU KWA MAMA

Tulirudi kwa mama yule tukampa jibu. Tulimwambia kwamba, ikiwa poda ilichanganywa vema kiwandani, na ikiwa kidonge kina mstari katikati wa kukatia, basi nusu hizo mbili zinakaribiana, naye hakumpa mtoto chokaa. Tulimwambia pia kwamba vidonge vyenye gamba maalumu au vya kuyeyuka polepole havikatwi, na kwamba kwa malaria vipo vidonge vya watoto vinavyoyeyuka katika maji, ambavyo havihitaji kisu, aulize kwanza.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Kumbe yote ni kama yule wa kule aliyechanganya alikuwa mwaminifu."

Ndivyo ilivyo, mama. Nasi tunaongeza moja tu: uaminifu wa yule wa kule usiachwe uwe bahati. Uulizwe, upimwe, usimamiwe, na ufundishwe kwa vijana wetu, mpaka siku ambayo yule aliyechanganya hatakuwa wa kule tena, atakuwa mtoto wa Kashai.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Je, katika familia zetu tunazitunza pakiti za dawa na kusoma namba ya toleo? Ni nini hutuzuia?

2. Ni lini mara ya mwisho tulipotoa taarifa kwa mhudumu wa afya kuhusu dawa tuliyoitilia shaka? Tulijibiwaje?

3. Wajumbe wetu walioko katika kamati za zahanati na bodi za hospitali wanauliza nini dawa zinaponunuliwa: bei tu, au na ubora?

4. Tunao vijana wangapi wanaosoma sayansi katika sekondari zetu? Jumuiya yetu inaweza kufanya nini ili angalau mmoja wao afike chuo cha famasi?